Elfu Tisini Yangu Imekwenda Wapi?

Leo najianika mwenyewe. Wengi mmeniuliza inakuwaje mtu anauza mtandaoni kutwa nzima, simu haipumziki kwa meseji, halafu mfukoni kachacha vile vile.

Mimi makazi yangu ni Kingolwira, hapa barabara ya Dar, kabla hujaingia Morogoro mjini. Machi iliyopita mama alinikopea 180,000/- kwenye kikoba chake. Nikapanda milima ya Uluguru hadi Kinole, nikarudi na mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga. Nikagawa pakiti 30, kila moja viungo vyake vimenigharimu 6,000/-. Picha za nguvu, nikazirusha WhatsApp na Instagram, bei 9,000/-. Hesabu ya kichwani: 3,000 mara 30, tisini elfu hiyo! Nikaanza kuota raba mpya.

Wiki tatu mzigo ukaisha. Siku ya kikoba mama akauliza, "Mwanangu, hela ya watu iko wapi?" Nikahesabu mara mbili: 173,000/-. Yaani nimeuza kila kitu, na mtaji haujatimia!

Usiku ule nililala na daftari. Mifuko na lebo 18,000. Bodaboda mpaka stendi ya Msamvu safari tano, 20,000, maana kila nikipata oda sita nilikuwa nakimbia kama nimeitiwa ngawira. Nauli ya mizigo kwenye basi 25,000, kwa sababu nilijitia kuandika "usafiri bure". Bure ya nani? Bando 10,000. Makato ya kutoa pesa 6,000. (Tozo za miamala zilipoanza Julai 2021 tulipiga kelele nchi nzima, lakini nani kati yetu aliwahi kuyaweka makato kwenye bei yake?) Jumla 79,000.

Halafu kuna ile ofa ya asilimia 20 niliyowapa mashosti watano. Punguzo la 1,800/- nililiona dogo kwa sababu nilililinganisha na bei. Ukililinganisha na ile 3,000 niliyoiita faida, zaidi ya nusu imeliwa. Hapo 9,000 nyingine imeyeyuka. Na brazameni mmoja wa Sinza alichukua pakiti yake akisema, "Nakutumia jioni." Jioni yake haijafika mpaka leo.

Sasa sikiliza nilivyofanya raundi ya pili. Mzigo nautuma mara moja tu, wote kwa pamoja, kwa binamu yangu Mbezi. Wateja wanaufuata huko, anayetaka aletewe mlangoni analipia mwenyewe. Gharama za pembeni zikashuka mpaka 50,000, ukigawa kwa 30 ni kama 1,670 kila pakiti. Jumlisha 6,000, pakiti imesimama kwa 7,670/-.

Nilitaka katika kila bei nibakiwe na asilimia 30. Hapa ndipo wengi tunapopigwa chenga. Ukiongeza asilimia 30 juu ya gharama unapata kama 9,970, na kinachobaki ni 2,300, ambayo ni asilimia 23 tu ya bei. Njia yenyewe ni kugawa: gharama ni sehemu 70 katika 100 za bei, kwa hiyo 7,670 gawa kwa 0.7. Inakuja kama 10,960. Nikaandika 11,000/-.

Wateja wakanuna. Sista mmoja akaniandikia, "Umeanza kujisikia siku hizi!" Wachache wamehama moja kwa moja, siwezi kuwadanganya. Pakiti 30 zimechukua wiki tano badala ya tatu, lakini zimeniachia kama 100,000/- baada ya gharama zote, na hapo sijakopesha mtu.

Ile riba ya kwanza mama aliilipa kwa kuuza kuku wake wawili. Nimemrudishia. Mkopo mwingine ameshanichukulia, ila sharti lake ni moja: daftari linalala chumbani kwake.