Uchumba Usiolingana: Riwaya ya Kiingereza, Sheria ya 1971 na Baraza la Njinjo

Miongoni mwa wanafunzi wa fasihi katika vyuo vyetu umezoeleka usemi kwamba riwaya ya Kiswahili haijui kusimulia mapenzi. Wanaoushikilia usemi huo aghalabu hutoa mfano wa riwaya za Kiingereza zihusuzo maisha ya wenye nasaba katika kipindi cha Ukaimu, yaani miaka ya 1811 hadi 1820, ambapo mwana wa Mfalme George III alishika madaraka kwa niaba ya baba yake aliyekuwa mgonjwa. Humo, husema, wachumba wasiolingana hufungana ahadi, huzificha, huzijutia, na msomaji hakiweki kitabu chini mpaka fundo lifunguke. Kwetu msomaji hufunua kurasa za mwanzo akakuta ndoa imekwisha fungwa. Kwamba tofauti hiyo ipo, tunakubali. Tunalolikataa ni maelezo yanayotolewa kuihusu.

Fundo la riwaya hizo halitokani na mapenzi, bali hutokana na ahadi. Katika jamii ile mwanamume muungwana akishatamka neno la uchumba hakuweza kulirudisha bila kujivunjia heshima. Mwanamke ndiye aliyeruhusiwa kujitoa. Ndiyo maana Edward Ferrars, katika *Sense and Sensibility* ya Jane Austen (1811), anang'ang'ania uchumba wa siri na Lucy Steele hata baada ya moyo wake kuhamia kwa mwingine, na hata mama yake anapomnyima urithi. Mwandishi analazimika kumtafutia mlango wa kutokea, na mlango huo ni Lucy mwenyewe kuolewa na ndugu wa Edward, ambaye sasa ndiye mwenye mali. Katika *Emma* (1815), uchumba wa siri wa Jane Fairfax na Frank Churchill unamchosha binti yule, yatima asiye na kitu, hata anakubali kwenda kuwa mwalimu wa watoto wa nyumba ya watu. Georgette Heyer, aliyekiandikia kipindi hicho zaidi ya karne moja baadaye, aliligeuza jambo zima kuwa kichekesho: katika *Cotillion* (1953) Kitty Charing anamwomba Freddy Standen ajifanye mchumba wake tu. Kichekesho hicho hakichekeshi ila kwa msomaji ajuaye uzito wa ahadi inayochezewa.

Nyuma ya heshima palikuwa na mahakama. Aliyevunjiwa ahadi ya ndoa Uingereza aliweza kudai fidia, na baraza la wazee wa mahakama liliweza kumpa hata kwa ajili ya aibu na moyo uliojeruhiwa. Shauri la namna hiyo lilifutwa kwa sheria ya mwaka 1970, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1971. Ajabu ni kwamba katika mwaka huohuo sisi tulikuwa tukiliandika. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 69, inaruhusu kudai fidia kwa kuvunjwa ahadi ya ndoa. Lakini tazama mpaka wake: fidia haiwezi kuzidi gharama halisi zilizotumika kwa sababu ya ahadi hiyo, na mahakama haiwezi kumlazimisha mtu kuoa wala kuolewa. Kifungu cha 71 kinaongeza kwamba zawadi iliyotolewa kwa sharti la ndoa yaweza kudaiwa irudishwe. Kinachohesabika, basi, ni fedha na vitu.

Hapo ndipo inaponijia Njinjo. Ni kata ya bara la Kilwa, upande wa Mto Matandu, katika njia itokayo Nangurukuru kwenda Liwale, na watu wake hutegemea sana ufuta. Posa hutoka nyumba moja kwenda nyingine kwa mdomo wa mshenga, na arusi husubiri fedha ya mavuno. Ufuta ukiharibika, uchumba huvuka mwaka. Niliwahi kukaa barazani huko wakati wazee wakivunja uchumba uliovuka misimu mitatu. Kijana alikwenda mjini kutafuta, akarudi na mke. Hapakuwa na kelele. Mshenga aliweka daftari magotini, vitu vikatajwa kimoja kimoja: kishika uchumba, doti za kanga, viatu, gharama za safari. Mjomba wa binti aliitikia kila kimoja. Walipofika mwisho, shangazi aliyeketi upande wa mlangoni akasema, "Wazee wangu, shikamooni. Vitu vyenu tumevisikia. Na misimu mitatu ya mwanangu imeandikwa ukurasa gani?" Mzee mmoja akamwambia kwa upole kwamba hilo ni la Mungu, na baraza likafungwa.

Swali lile ndilo riwaya ya Austen inalolijibu, na ndilo riwaya yetu bado haijaliuliza vya kutosha. Sisemi kwamba waandishi wetu hawakugusa ndoa isiyolingana. Mohamed Suleiman Mohamed katika *Kiu* (1972) anaonyesha jinsi mali ya Mwinyi na hila za Idi zinavyomzunguka Bahati. Adam Shafi katika *Vuta n'kuvute* (1999) anamkuta Yasmin akiwa tayari mke wa Raza, mtu aliyemzidi umri kwa mbali, na hadithi inashika kasi anapotoroka. Nani alileta posa ile, na kwa maneno gani, si jambo linalochukua nafasi kubwa. Anayekaribia zaidi ni Kezilahabi. Katika *Rosa Mistika*, iliyotoka mwaka uleule wa 1971, Charles anamwacha Rosa baada ya kugundua kwamba si bikira, na Rosa anajiua. Ahadi inavunjwa mbele ya macho yetu. Hata hivyo, jicho la mwandishi liko kwenye malezi na ukali wa baba. Uchumba wenyewe ni daraja la kufikia kifo.

Kwa maoni yangu sababu si udhaifu wa kisanaa. Kwetu ahadi hutolewa na nyumba, nayo huvunjwa na nyumba, kwa sauti ya chini, barazani au uani ambako waandishi wetu, ambao wengi wao ni wanaume, hawakuzoea kukaa wakisikiliza. Muungwana wa Kiingereza hubeba fundo kifuani mwake peke yake. Fundo la Njinjo limegawanywa kwa mjomba, shangazi, mshenga na wachumba wawili, na kila mmoja anashika ncha yake. Riwaya ya fundo kama hilo haiwezi kujengwa kwa kumwiga Austen. Mshenga mwenyewe, ambaye huomba kwa mafumbo ya ua na bustani na kurudi miaka mitatu baadaye kuomba kanga kwa lugha kavu ya orodha, ni mhusika ambaye Austen hakuwa naye.

Yuko atakayesema kwamba mambo hayo yanapita, kwa kuwa vijana sasa huposana kwa simu. Ni kweli, lakini barua ya posa bado hubebwa. Kwa hiyo binti mmoja huweza kuwa na ahadi mbili, moja aliyoitoa mwenyewe usiku kwa simu na nyingine aliyotolewa mchana na wajomba, na kila upande ukaamini kuwa yake ndiyo ya kweli.

Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada wangefaa kwenda Njinjo na Kipatimu baada ya ufuta kuuzwa, wakanakili lugha ya posa na lugha ya kuvunja posa, na wasiishie kwa mshenga. Wamwombe ruhusa pia yule anayeketi upande wa mlangoni.