Adui Katika Mchezo Awe Nani?

Katika vyuo vinavyofundisha utengenezaji wa michezo ya kompyuta liko zoezi moja ambalo walimu hulipenda sana. Mwanafunzi huambiwa achague mchezo wa zamani unaojulikana na watu wengi, aziache kanuni zake kama zilivyo au azibadili kidogo tu, kisha awabuni upya wahusika wake wote, yaani shujaa, wasaidizi wake na maadui zake. Kwa mtu asiyeizoea michezo hiyo, zoezi hili laweza kuonekana kuwa ni mzaha wa watoto. Sivyo hata kidogo. Vijana wengi leo hukaa na wahusika hao kwa muda mrefu kuliko wanavyokaa na kitabu chochote, na yule anayeichora sura ya mhusika ndiye anayewaambia nani wa kupendwa na nani wa kupigwa.

Na tuseme kwamba kijana wa Mpanda, aliyesoma katika shule zetu hizi hizi za mkoa wa Katavi, amefika katika chuo cha namna hiyo na zoezi limewekwa mbele yake. Atachora nini?

Tunahofu kwamba, kwa mazoea tu, atachora moja kati ya mambo mawili. Huenda atamchukua askari wa Ulaya ya kale, mwenye vazi la chuma na upanga mrefu, ampake rangi nyeusi na kumpa jina la Kiswahili. Au, akitakiwa na mwalimu wake alete kitu cha Kiafrika, atachora mtu mrefu mwenye mkuki na shuka jekundu, amesimama kando ya mbuyu, jua likizama nyuma yake. Picha hiyo ya pili tumeiona katika kila duka linalouzia watalii. Mpanda haimo, wala Wamasai wenyewe hawakuulizwa.

Wageni wamekwisha kutuchora kwa namna hiyo, tena mara nyingi. Mwaka 1997 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa mchezo wa tatu katika mfululizo wa Street Fighter, ikaingiza humo msichana anayeitwa Elena, ambaye mchezaji huambiwa kwamba ni Mkenya. Elena ana nywele nyeupe na macho ya buluu, amevaa mavazi madogo kama ya kuogelea, na hupigana kwa kapoeira, ambayo ni sanaa ya Brazili. Ni kweli kwamba kapoeira iliundwa na watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika, lakini mizizi yake hutafutwa upande wa Angola, si Kenya. Elena amependwa na wachezaji wengi, na mwaka 2025 alirudishwa katika mchezo wa sita; hata hivyo, ukimwondolea jina la nchi, ni vigumu kuona kitu cha Kenya kinachosalia.

Kampuni hiyo hiyo ilitoa Resident Evil 5 mwaka 2009. Humo mna mji wa kubuni uitwao Kijuju, ambao husemwa kuwa uko Afrika Magharibi, lakini wakazi wake hupiga kelele kwa Kiswahili, huitwa Majini, na kazi ya mchezaji ni kuwapiga risasi. Tangu picha za kwanza zilipoonyeshwa mwaka 2007 walikuwapo waliolalamika, na sisi twaona walikuwa na haki. Msemaji wa Kiswahili aliyeucheza mchezo huo alijikuta akiwaua watu wanaopiga mayowe kwa lugha ya mama yake.

Hatusemi kwamba mgeni hawezi kututendea haki. Mtunzi wa Marekani, Christopher Tin, aliutia Kiswahili muziki wa mchezo wa Civilization IV mwaka 2005, nao wimbo huo, “Baba Yetu”, ulipata tuzo ya Grammy mwaka 2011, ukiwa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta kuipata. Wala hatusemi kwamba damu peke yake yatosha. Mwaka 2024 Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, alitoa na wenzake mchezo wa Tales of Kenzera: Zau, ambao waweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Zau ni kijana mganga anayetaka kumrudisha baba yake kutoka kwa mungu wa mauti, na Salim mwenyewe aliutunga baada ya kufiwa na baba. Mhusika yule alianza na msiba. Vinyago na mavazi yake vikafuata baadaye. Tunaona kwamba huo ndio utaratibu ulio sahihi, nao hauhitaji fedha nyingi.

Kuhusu ufundi wenyewe, mwanafunzi na aanze na penseli. Sura ya mhusika yapasa itambulike hata ikipakwa wino mweusi wote, ikabaki kivuli tu. Mjapani Shigeru Miyamoto, alipomchora mhusika ambaye leo dunia nzima humwita Mario, kwa ajili ya mchezo wa Donkey Kong wa mwaka 1981, alikuwa na vinukta vichache mno vya kuchorea. Akampa masharubu ili pua ionekane, kofia ili asihangaike kuchora nywele, na ovaroli ili mikono itofautiane na mwili. Uhaba ndio uliompa Mario sura. Na wasomaji wetu wa makamo hawana haja ya kwenda Japani kutafuta mfano: Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na Ndumilakuwili wa Philip Ndunguru katika jarida la Sani, hawakuhitaji kuandikiwa majina ili watambulikane.

Basi na tuuchukue mchezo huo huo wa Donkey Kong. Mtu hupanda ngazi, na nyani mkubwa aliye juu humporomoshea mapipa. Nani Katavi hupanda juu huku hatari ikimshukia? Mrina asali. Yeyote aliyefika Inyonga anajua kwamba nyuki ni riziki ya watu kule, na kwamba mizinga ya asili, ya magome na ya magogo, hutundikwa juu katika miti ya miyombo. Mrinaji wa jadi hupanda usiku, nyuki wakiwa wametulia, akiwa na kamba, chombo cha kutilia asali, na kienge cha moshi. Tazama jinsi sura na kanuni za mchezo zinavyozaana hapo! Giza ndilo pazia lote la mchezo. Mwanga ni ule mdogo wa kienge, nao hupungua kadiri kinavyoungua, hivyo mchezaji ana muda wenye kikomo bila kuwekewa saa. Kivuli chake hakifanani na cha mhusika mwingine yeyote duniani: mtu aliyejipinda kwenye shina, kamba imezunguka mti, moshi unamfuata. Akizidisha moto atauunguza mzinga, na mwakani hana kitu. Wala hapana haja ya kumvika ngozi ya chui ili aonekane kuwa Mwafrika.

Msaidizi naye yupo tayari, ikiwa mchezo utamtaka tabibu. Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, alifika mwaka 1889 Adrian Atiman, mtu aliyezaliwa Afrika Magharibi, akatekwa utotoni na kuuzwa, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa utabibu Malta. Aliwatibu watu wa pwani ile hadi alipofariki mwaka 1956. Mtoto mtumwa aliyevuka jangwa na bahari, akaja kuwafunga watu wasiomjua majeraha yao kwa miaka zaidi ya sitini na tano: watungaji wa michezo hulipwa mishahara mikubwa wakitafuta maisha kama hayo, na hawayapati. Lakini huyu si mtu wa kubuni. Mwanafunzi atakayetaka kumchora afunge safari kwanza hadi Karema akaulize, asije akamfanya mchekeshaji.

Sasa tufike kwa adui, ambaye ndiye aliyetufanya tushike kalamu. Katika michezo ya dunia adui aliyezoeleka ni mchawi: bibi kizee aliyepinda mgongo, mwenye macho mekundu, anayekaa peke yake mwisho wa kijiji. Huko sura hiyo ilikotoka imekwisha kuwa ngano ya watoto. Kwetu bado. Katika mikoa ya Ziwa na ya magharibi ya nchi yetu vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu huo mara nyingi umetokana na moshi wa kuni walizopikia wajukuu wao maisha yote. Watu wenye ualbino nao wamewindwa kama wanyama kwa ajili ya imani za uganga. Kijana wetu akimnakili bibi yule jinsi alivyomkuta katika mchezo wa kigeni, akamweka mwisho wa hatua ya tatu ili apigwe hadi aanguke, atakuwa hakubuni kitu. Atakuwa amewazoeza wadogo zake kumpiga mtu ambaye yupo, mtaa wa pili, na ambaye usiku hufunga mlango kwa hofu.

Adui wa namna ya pili wa kuepukwa ni jirani. Mkoa wa Katavi una Wabende, Wapimbwe na Wakonongo. Una Wasukuma waliohamia na ng’ombe wao. Una Katumba na Mishamo, ambako waliishi watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, na wengi wao wamekwisha kupewa uraia wa Tanzania. Ugomvi wa mkulima na mfugaji juu ya mashamba na malisho si siri. Ni rahisi mno kumvika adui vazi la mmoja wao, na kicheko kitapatikana upesi. Lakini mchezo huo utachezwa pia na mtoto wa huyo anayechekwa, katika banda lile lile la kulipia, akiwa ameketi bega kwa bega na wenzake.

Je, basi adui asiwepo? La, awepo, tena awe wa kutisha. Mwezi wa Septemba na wa Oktoba mto Katuma, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, hukauka hadi ukabaki madimbwi ya tope. Viboko kwa mamia hubanana humo, madume hupigana na kutoana damu, nao mamba hujificha katika mapango ya kingo za mto wakingoja mvua. Kiangazi hicho ndicho adui. Hana uso, lakini hubadili umbo la kila mhusika: kiboko wa hatua ya kwanza ni mgongo tu juu ya maji, na wa hatua ya mwisho ni mnyama aliyepasuka ngozi, aliyekonda, asiyemwachia yeyote njia. Mchezaji atamkimbia bila kumchukia. Tena maji yale hayapunguzwi na jua peke yake, maana huko juu ya mto huchepushwa kwenda kwenye mashamba ya mpunga, ambao sisi sote twaula. Mwanafunzi mwenye ujasiri ataliingiza na hilo, na mchezaji atakapofuata maji yalikokwenda atafika nyumbani kwake mwenyewe.

Limebaki jambo la Katabi, ambaye jina lake ndilo lililopewa hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 1974, na sasa mkoa mzima. Tunajua kwamba ndiye atakayemvutia mwanafunzi kabla ya wote, kwa kuwa habari za mzimu anayekaa katika mkwaju kando ya ziwa zinafaa sana kwa mchezo. Ushauri wetu ni kwamba asianze naye. Watu huenda kuweka sadaka chini ya mti ule hata leo, na kinachoaminiwa na watu walio hai hakikabidhiwi kwa mchezaji ili akipige teke. Na aende kwa wazee wa Kibende, karatasi zake zikiwa mkononi, awaonyeshe na kuomba. Wakikubali, awaulize pia ni kipi kisionyeshwe, na majina yao yaandikwe mwanzoni mwa mchezo pamoja na ya wachoraji. Wakikataa, asibishane nao. Zoezi la chuo lina tarehe yake ya kukusanywa, na mrina asali bado yuko juu ya mti, kienge kinamwishia.