Nembo ya ubora iwafikie na wasindikaji wadogo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nami nitoe maoni yangu kuhusu masharti ya usalama wa chakula yanayowakabili wasindikaji wadogo wa unga na karanga.

Wapo wanaodai kuwa wadogo wasamehewe masharti hayo. Mimi sikubaliani nao. Mwaka 2016 wananchi wenzetu wa mikoa ya Dodoma na Manyara walipoteza maisha kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala haiishi kwa kupika. Unga wa mwenye mashine moja kijijini ukiwa na sumu hudhuru sawa na wa kiwanda kikubwa. Kiwango kisilegezwe.

Lakini sheria ni moja, mzigo si mmoja. Kupima sampuli hugharimu kiasi kile kile, uwe umesaga gunia moja au magunia mia. Kiwanda huigawa gharama hiyo katika maelfu ya mifuko. Kikundi cha akina mama wanaotengeneza siagi ya karanga huibeba katika makopo machache. Tena kuna nauli na siku za kusubiri majibu. Matokeo yake wengi huuza kwa kujificha, bila nembo, na mlaji hapati kinga yoyote.

Serikali imekwisha kuchukua hatua. Hadi mwaka 2019 msindikaji wa chakula alihangaika kati ya TFDA na TBS. Tangu Julai mwaka huo chakula kiko chini ya TBS. Tena mjasiriamali mdogo akiwa na barua ya SIDO hupata nafuu ya ada ya nembo. Hayo ni mema, ila ofisi za SIDO ziko mikoani, na vijijini wengi hawana habari.

Kwa hiyo nashauri wahusika wapokee sampuli katika halmashauri, hasa siku za mnada. Mabwana shamba wakazanie kukausha mahindi juu ya turubai na kuchambua karanga zilizoota ukungu, maana kinga hiyo ni rahisi kuliko kipimo. Aliyepungukiwa karatasi aelekezwe kwanza kabla ya kutozwa faini. Anayeuza sumu kwa makusudi asionewe huruma.

Mkubwa na mdogo wafikie kiwango kimoja, lakini njia ya mdogo isiwe ndefu zaidi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kondoa.