Singo Yako, Wateja wa Bosi



Mashoga zangu wengi mlioajiriwa kwenye saluni za maharusi, kuanzia Magomeni na Mwananyamala hadi Tandika na Mbagala, mna kitu chenu pembeni. Huyu anasaga singo ya liwa, karafuu na mawaridi, yule anachora hina, mwingine anapika udi. Hongereni. Lakini biashara yako ikiingia kwenye saluni ya mwenzio, inaingiaje?

Mara nyingi inaingia kwa kunong'ona. Bi harusi amekuja kwa jina la saluni, nawe unamwambia, "Nipe namba yako, nitakufuata nyumbani, nitakufanyia kwa bei ya chini." Au unampaka singo yako humo humo, kwa taulo na maji ya bosi, pesa inaingia kwenye pochi yako. Mimi naona huko ni kuvunja amana, hata kama singo yako ni nzuri kuliko ya bosi.

Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Ibn al-Lutbiyya. Alitumwa na Mtume (SAW) kukusanya Zaka, akarudi akitenga mali: hii yenu, hii nimepewa zawadi. Mtume akapanda mimbari akahoji: angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, zawadi hizo zingemfuata? Nawe jiulize hivyo hivyo. Ungekuwa umekaa kwenu, bi harusi huyu angekujua?

Utasema mshahara ni mdogo. Inawezekana kabisa, na una haki ya kuudai waziwazi. Kujiongezea kwa siri ni jambo jingine.

Njia ya halali ipo. Mwambie bosi kabla hujaanza, mpelekee kopo moja ajaribu. Kubaliane naye bei, mgawo, na nani atanunua malighafi, kisha muandike. Mwambie na bi harusi kwamba singo ni yako na ina nini ndani, maana ngozi yake ikiharibika siku mbili kabla ya harusi, lawama ataibeba mwenye saluni. Bosi akikataa, iache nyumbani, utafute wateja wako mwenyewe.

Na nyinyi wenye saluni, msibane. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Akizimaliza, muda unaobaki ni wake, na mkono wake ni wake. Mlipeni kabla jasho halijakauka, hatakuwa na sababu ya kujificha.

Bi harusi mtarajiwa, nawe usiwe chambo. Ukitaka punguzo, liombe mbele ya mwenye saluni. Unaanza nyumba mpya, mpenzi. Usiianze kwa kumsaidia mtu kumzunguka mwenzie.