Masta ya Mtandaoni: Usichague Chuo kwa Sababu ya Tangazo



Kila baada ya baraza kuna kijana ananivuta kando na swali lile lile. Amemaliza digrii, yuko Garissa au Likoni au Eastleigh, ana kazi ndogo na familia inamtegemea, kuhamia chuoni hawezi. Anataka kusoma masta ya siasa au ya utawala kupitia mtandao. Aanzie wapi?

Wengi wanaanzia kwenye tangazo lililowapata kwenye simu. Mimi nasema anza na swali: unataka sayansi ya siasa, au utawala wa umma? Watu wanazichanganya sana hizi mbili. Sayansi ya siasa inauliza nani anapata mamlaka, kwa nini, na kwa nini wengine wanayakosa. Utawala wa umma unauliza mamlaka yakishapatikana, faili inatembea vipi: bajeti, ajira, ununuzi, huduma dirishani.

Chukua vetting ya vitambulisho. Miaka na miaka kijana wa Wajir au Mandera alikuwa anapitishwa mbele ya kamati ambayo kijana wa Nyeri hajawahi kuisikia. Februari 2025 Rais alitangaza mwisho wake akiwa huko huko Wajir. Tangazo lile ni siasa. Lakini ofisa anaitisha karatasi gani asubuhi, nani anatia sahihi, ukikataliwa unakata rufaa wapi na kwa siku ngapi, huo ni utawala wa umma. Na hapo ndipo tunapopigwa chenga kila siku.

Kwa hivyo maoni yangu, na najua wengine hamtakubali: wachambuzi wa siasa tunao wa kutosha. Kila maskani ina wawili. Tunaopungukiwa nao ni watu wanaoweza kusoma kitabu cha bajeti ya kaunti kurasa mia tatu na kusema pesa za zahanati zimeenda wapi. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti ufike bungeni kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Sisi tunajaa ukumbini Juni kupiga kelele, wakati vipaumbele vilishapangwa Februari. Mtu mmoja aliyesomea mambo haya angetuokolea miezi minne.

Haya, chuo sasa. Usidanganywe kwamba masomo ya mbali ni masomo ya kubahatisha. University of London imekuwa ikitoa digrii za nje tangu 1858. Mandela alisoma sheria nao akiwa gerezani, na digrii yake ya sheria akaipata kwa UNISA ya Afrika Kusini mwaka 1989, bado amefungwa. Hapa nyumbani, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake Agosti 2023 na masomo yake yanaendeshwa mtandaoni. Miongoni mwa kozi zake za kwanza ilikuwa stashahada ya uzamili ya uongozi na uwajibikaji, ambayo kwa mtu wa harakati ni mwanzo mzuri kabla hujajitosa kwenye masta nzima. Vyuo vyetu vya zamani pia vina vitengo vya masomo ya mbali, kwa hivyo usidhani mtandaoni lazima iwe ng'ambo.

Lakini wezi nao wapo. Mei 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Karachi, Axact, iliyokuwa ikiuza digrii kupitia mamia ya tovuti za vyuo visivyokuwepo. Majina ya kupendeza, picha za wanafunzi wanacheka, "profesa" anakupigia simu mwenyewe. Ukiona chuo kinakuharakisha ulipe leo upate punguzo, au kinakupa masta kwa "uzoefu wa maisha", kimbia. Na usiseme hakuna anayekagua: Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitoa ripoti ya vyeti ghushi zaidi ya 2,000 katika ofisi za serikali.

Kabla hujalipa shilingi, iandikie Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, uulize kama chuo hicho na kozi hiyo, kwa njia ya mtandao, vinatambulika. Jibu liwe la maandishi, ulihifadhi. Kozi za Marekani za utawala wa umma zina chombo chao cha ithibati, NASPAA. Orodha yake iko wazi kwa yeyote. Uliza pia masomo ni ya moja kwa moja au yamerekodiwa. Hili watu hulipuuza. Darasa la saa kumi na mbili jioni New York ni saa saba au saa nane usiku kwetu. Fanya hivyo mwaka mzima, halafu Ramadhani iingie, tuone.

Wale wa diploma, na mimi ni mmoja wenu, tuambiane ukweli. Kwenye mfumo wa taifa wa sifa za elimu diploma ni ngazi ya 6, digrii ni ya 7, masta ni ya 9. Hakuna mlango wa nyuma, na anayekuambia upo anataka pesa zako. Ila kusoma unaweza kuanza sasa. MIT wana masomo ya data na uchumi wa sera yaliyoanzishwa na Banerjee na Duflo, walioshinda Nobel ya uchumi 2019. Huhitaji digrii kujiunga, mihadhara unaweza kuifuata bure, na ukitaka cheti ada inapangwa kulingana na kipato chako. Hesabu ni ngumu, wallahi, lakini ni masomo ya kweli.

Pesa. HELB ina mikopo ya uzamili lakini ina riba, na najua wengi wetu tunaishia hapo. Iko Commonwealth Distance Learning Scholarship ya Uingereza, inayolipa karo ya masta ya mbali kwa watu wa nchi kama yetu huku wakibaki makwao. Ushindani si mchezo, na wanataka matokeo mazuri ya digrii ya kwanza. Njia nyingine ni kutafuta chuo kinachokubali ulipie somo moja moja. Itachukua miaka mingi zaidi, lakini huna deni la mtu.

Na kamati zetu za misikiti niziulize kitu kwa heshima zote. Mwaka huu mnara unaongezwa tena, sawa. Je, ile harambee haiwezi kutoa karo ya mtu mmoja, binti au kijana wa mtaa huo huo, kwa sharti kwamba akisoma bajeti anakuja kutufasiria sisi wengine kila Februari baada ya Isha?

Maombi ya vyuo vingi vya ng'ambo hufungwa miezi mingi kabla masomo hayajaanza. Barua za walimu wako wa zamani zitafute sasa. Ndizo huchelewa kuliko kitu kingine chochote.