Nguo si Mizani ya Mwanamke

Nguo ina kazi tatu za haki: humsitiri mtu, humkinga na jua na baridi, na humpamba. Katika kazi hizi tatu hakuna hata moja imdhuruyo mwingine. Lakini wanadamu wameiongezea nguo kazi ya nne, nayo ni kazi ya hukumu. Mtu hutazamwa vazi lake, kisha huambiwa: wewe ni mwema, wewe ni mwovu, wewe ni mwanamke kamili, wewe umejifanya mwanamume. Hukumu hii humwangukia mwanamke mara nyingi kuliko mwanamume, na mahakimu wake hawakuteuliwa na mtu yeyote. Insha hii yaandikwa kuipinga kazi hiyo ya nne. Nakuomba, msomaji, uzipime hoja zake moja moja, na ile utakayoiona nyepesi uitupe.

Tuanze mahali ambapo hali ya hewa yenyewe ni mwalimu. Katika Kajiado pana mahali paitwapo Kona Baridi, na jina latosha kueleza sifa yake. Upepo wa nchi ile haumwulizi mtu kama ni mume au mke kabla ya kumpiga. Kwa hivyo watu wa huko, wake kwa waume, hujifunika shuka. Shuka ya mwanamume wa Kimaasai haina miguu miwili kama suruali. Ni kitambaa kinachozungushwa mwilini na kufungwa begani, na upepo ukivuma hupepea kama gauni. Hata hivyo hakuna mwenye akili aliyepata kusimama mbele ya morani mwenye mkuki mkononi akamwambia kwamba amevaa kike.

Tazama pia nywele na mapambo. Mahali pengi duniani husemwa kwamba nywele ndefu ni fahari ya mwanamke, na kichwa kilichonyolewa ni cha mwanamume. Kwa jadi ya Wamaasai mambo ni kinyume. Morani ndiye aliyefuga nywele, akazisuka, akazipaka ngeu zikawa nyekundu. Mwanamke alinyoa kichwa chake kikang'aa. Shanga, vipuli na bangili vilivaliwa na wote wawili. Katika sherehe ya eunoto, morani anapouaga ujana wake, mama yake ndiye amnyoaye nywele hizo. Je, mwanamume aliyezisuka nywele na kuzipenda alipungukiwa na uanamume? Na mama aliyenyoa kichwa alipungukiwa na uanamke? Mtu akijibu ndiyo, amewatukana watu wa Kajiado wote kwa neno moja. Akijibu la, amekwisha kubali kwamba uanamke haukai katika nywele wala katika kitambaa.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Tofauti ya mavazi ya kike na ya kiume haikushuka na mvua. Iliundwa na watu, na kila nchi iliiunda kwa namna yake. Katika pwani yetu mwanamume huvaa kanzu ndefu mpaka kwenye vifundo vya miguu, naye huheshimiwa kwayo. Nyumbani hujifunga kikoi au msuli, naye ni mwenye nyumba yule yule. Majaji huvaa majoho. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alivaa viatu vyenye visigino virefu vyekundu, na visigino vile vilikuwa ishara ya ukuu wake. Leo kisigino kirefu huhesabiwa kuwa cha mwanamke. Kisigino ni kile kile. Waliobadilika ni watazamaji.

Huko huko Ufaransa, mwaka 1800, ilitolewa amri mjini Paris kwamba mwanamke atakaye kuvaa nguo za kiume sharti apate kwanza kibali cha polisi. Amri hiyo ilisahauliwa katika matendo, lakini haikutangazwa kuwa batili mpaka mwaka 2013. Twaitaja ili msomaji asidhani kwamba ugonjwa huu ni wa Waafrika peke yao. Ni ugonjwa wa kila mahali ambapo wenye nguvu hupenda kuona utii ukiandikwa katika nguo za wengine.

Sasa tuwasikilize wapinzani wetu, maana hoja isiyosikiliza jibu ni kelele. Wao husema: mwacha mila ni mtumwa. Methali hii ni nzuri, nasi twaikubali. Twauliza swali moja tu: mila ipi? Kabla ya vitambaa vya pamba kuletwa na wafanyabiashara, Wamaasai walivaa ngozi. Sketi haikuzaliwa Kajiado, wala suruali. Zote mbili zilisafiri kwa meli pamoja na wageni. Basi kwa nini mgeni mmoja, yaani suruali, apewe mwanamume na kuitwa maendeleo, na mwanamke akimkaribisha mgeni yule yule aambiwe ameiacha mila? Mtu anayevaa suti, tai na viatu vya ngozi, kisha akasimama jukwaani kuwahimiza wanawake wahifadhi mavazi ya mababu, amejiachia uhuru wote na kuwaachia wanawake mzigo wote.

Tena historia yatuonyesha kwamba watawala hawakuitetea mila sikuzote; waliitumia walipoitaka na kuikanyaga walipoichukia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Tanzania iliwalazimisha Wamaasai waache shuka na ngeu, ikisema kwamba mavazi hayo ni ya kishenzi na yalitia taifa aibu. Katika muda huo huo, mwezi Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1969. Hiyo ilipiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, kwa hoja kwamba hizo ni za kigeni na zauharibu utamaduni wa Kiafrika. Fikiri, msomaji: Mmaasai alikosa kwa kuvaa Kiafrika mno, na msichana wa Dar es Salaam alikosa kwa kutovaa Kiafrika ya kutosha. Mahali ambapo makosa mawili yanayopingana huadhibiwa na mkono mmoja, ujue kwamba kilichotafutwa si utamaduni bali utii.

Mkono huo ulienea. Mwaka 1972 Idi Amin alizipiga marufuku sketi fupi nchini Uganda. Malawi, chini ya Kamuzu Banda, ilitunga sheria mwaka 1973 iliyomkataza mwanamke suruali na nguo isiyofunika magoti. Na wanaume hupata kuionja adha hii kwa nadra. Mwezi Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula aliikataza suti ya Kaunda katika Bunge la Kenya, na papo hapo wanaume wengi waligundua kwamba si haki mtu kuchaguliwa nguo. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Lakini hata hapo tofauti ni kubwa: mheshimiwa aliyekatazwa suti ya Kaunda alirudi nyumbani akabadilisha koti. Hakuvuliwa nguo barabarani.

Hapa ndipo jambo letu linapokuwa zito. Mwezi Novemba 2014, katikati ya jiji la Nairobi, kundi la wanaume lilimzunguka mwanamke katika kituo cha magari ya abiria likamvua nguo kwa nguvu, kwa madai kwamba vazi lake halikuwa la heshima. Tarehe 17 ya mwezi ule wanawake kwa mamia waliandamana jijini, wakidai kwamba nguo ya mtu ni uamuzi wake mwenyewe. Mwaka ule ule Bunge liliongeza katika sheria za jinai kifungu kinachomtoza amvuaye mwingine nguo kwa nguvu kifungo kisichopungua miaka 10. Naye aliyesoma Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ajua kwamba kifungu cha 27, kinapoorodhesha mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo, kimeyataja mavazi kwa jina, pamoja na rangi, dini na lugha.

Wako wasemao: lakini yeye mwenyewe aliwachokoza. Hoja hii ni ya mwizi asemaye kwamba mlango ulikuwa wazi. Ikiwa kosa la mwanamke yule lilikuwa kuuonyesha mwili, waliomvua waliuonyesha zaidi. Basi wamelitenda kwa mikono yao kosa lile walilodai kuliadhibu. Heshima iliyovunjwa katika kituo kile haikuwa ya aliyevuliwa. Mtu hawezi kuvuliwa haya yake na mwingine. Haya huvuliwa na mwenyewe. Siku ile walioivua walikuwa wengi, na wote walikuwa wamevaa suruali.

Tuyaangalie sasa maisha ya kila siku. Karibu na Kitengela, katika eneo la viwanda la Athi River, viko viwanda vinavyoshona nguo za kuuzwa ng'ambo, hasa Marekani, na wengi wa wafanyakazi wake ni wanawake. Mwanamke hukaa mbele ya cherehani tangu asubuhi, akaunganisha miguu ya suruali moja baada ya nyingine, mpaka jioni. Jasho lake ni halali kuishona suruali. Mwili wake waambiwa si halali kuivaa. Kama suruali ingekuwa na sumu ya kuuharibu uanamke, basi wanawake wale wangalikwisha kuharibika kwa kuishika. Lakini hurudi Kitengela jioni, wakapika, wakalipa kodi ya nyumba, wakawasomesha watoto. Uanamke wao haukubaki kiwandani.

Je, twasema basi kwamba kila mwanamke atupe sketi, kanga na shanga zake, avae suruali ndipo ahesabiwe kuwa huru? Hapana, na hapa wapo marafiki wa haki za wanawake ambao twatofautiana nao. Amdharauye mama aliyejipamba kwa shanga, akadhani kwamba yeye ni mjinga kwa sababu ya vazi lake, amekaa katika kiti kile kile cha hukumu; amebadilisha tu sheria anayoitumia. Ushanga wa Kajiado ni kazi ya mikono na elimu ya macho: rangi hupangwa kwa maana, na mama humrithisha binti. Na Zanzibar yatupa fundisho jingine. Utumwa ulipopigwa marufuku huko mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliacha vitambaa duni walivyovishwa na mabwana zao, wakajinunulia kanga zenye rangi na baadaye wakavaa buibui, vazi la wanawake wa daraja la juu. Kwao nguo ndefu ilikuwa tangazo la uhuru. Kwa msichana mwingine, suruali ndiyo tangazo. Uhuru haupimwi kwa urefu wa pindo, bali kwa mkono uliochagua.

Wala hatusemi kwamba kila mahali pasiwe na utaratibu. Nyumba za ibada zina adabu zao, na mwenye kuziingia hufuata. Kazi ya mashine hudai nguo isiyoning'inia, na shule hudai sare ili mtoto wa tajiri na wa maskini wasipimane kwa mavazi. Haya ni mema. Lakini kila utaratibu na ujibu maswali mawili: wafaa nini, na wamfunga nani? Shule nyingi za Kenya humvika mvulana suruali na msichana sketi. Asubuhi ya mwezi Julai, katika nchi ya upepo kama Kona Baridi, mvulana huenda shuleni miguu yake imefunikwa, na dada yake huenda miguu ikitetemeka. Sketi ile yamwongezea hesabu gani asiyoijua? Yamfunza sarufi ipi? Kama haina jibu, basi shule na impe ruhusa ya kuchagua suruali ya rangi ile ile ya sare. Jambo hili ni dogo na gharama yake ni ndogo, lakini litamfundisha msichana mapema kwamba mwili wake hutunzwa kwanza, kisha ndipo hutazamwa.

Mwaka 2013 wapiga kura wa Kajiado Mashariki, jimbo lenye mji wa Kitengela, walimchagua Peris Tobiko kuwa mbunge wao, naye akawa mwanamke wa kwanza wa Kimaasai kuchaguliwa kuingia Bunge la Kenya. Walikuwako wazee waliompinga hadharani kwa sababu yeye ni mwanamke. Kura hazikuuliza amevaa nini. Ziliuliza atafanya nini. Hilo ndilo swali la haki, na watu wa Kajiado wameonyesha kwamba wanajua kuliuliza.

Basi, wewe mvulana usomaye, siku utakapoliona kundi likimzunguka mwanamke kwa sababu ya nguo, usihesabu shingo ngapi zimegeuka ili uongeze yako. Simama upande wake, hata ukisimama peke yako. Na wewe msichana, vaa kwa akili: tazama kazi yako, hali ya hewa, adabu ya mahali, na pendo la moyo wako. Ukisha kuvaa, inua kichwa uende zako. Akupimaye kwa nguo atapata urefu wa kitambaa tu. Urefu wako wewe haumo katika futi yake.