Degania, Kijiji cha Mfuko Mmoja

Mwezi wa Oktoba 1910, vijana wa Kiyahudi, wanaume kumi na wanawake wawili, walihamia Umm Juni, kando ya mto Yordani, si mbali na pale unapotoka katika Ziwa la Galilaya. Wengi wao walikuwa wametoka katika dola ya Urusi, na Palestina wakati ule ilitawaliwa na Waturuki. Ardhi ilikuwa imenunuliwa na mfuko wa Wayahudi, lakini waliokuwa wakiilima ni Waarabu, jambo ambalo wasimulizi wa sifa hulipita haraka. Makazi hayo yakaitwa Degania, kwa neno la Kiebrania la nafaka, nayo yakawa kibbutz ya kwanza.

Hapakuwa na bwana wala mshahara. Mapato yote yalitiwa katika mfuko mmoja, na kila mtu akapewa mahitaji yake. Familia iliyopata kuishi kambini itaelewa upesi: jiko moja, dobi mmoja, na maneno mengi juu ya nani amefanya kazi kidogo.

Hata hivyo, usawa huo uliwafikia wanaume kwanza. Wanawake waliachiwa kupika na kufua, kana kwamba hawakusafiri mwendo ule ule. Miriam Baratz hakuridhika. Yeye alitaka ng'ombe. Akaenda kwa majirani Waarabu akajifunza kukamua, kisha akashika kazi ya zizi kwa miaka mingi.

Mwaka 1913 alijifungua mtoto wa kwanza wa Degania, na hapo pakazuka swali ambalo hakuna aliyelifikiria: mama akienda zizini, mtoto atabaki na nani? Joseph Bussel, mmoja wa viongozi wao, alishikilia kwamba malezi ni kazi ya jamii nzima na gharama zake zitoke katika mfuko wa wote. Wakakubaliana. Lakini, tofauti na kibbutz nyingi zilizofuata, ambako watoto walilazwa katika nyumba yao ya pekee, wa Degania walilala kwa wazazi wao. Ilikuwa busara. Mtoto wa pili, aliyezaliwa 1915, ni Moshe Dayan, jemadari aliyejulikana baadaye.

Waanzilishi walitaka kijiji kibaki kidogo kama ukoo. Watu walipozidi, Degania ya pili ilianzishwa jirani mwaka 1920.

Tarehe 20 Mei 1948 jeshi la Siria lilikishambulia kijiji kwa vifaru. Wakazi, wenye silaha chache na chupa za petroli, waliyazuia mashambulizi hayo, na kifaru kimoja kiliachwa pale kiwe ukumbusho.

Mfuko wenyewe ulidumu kuliko waanzilishi. Mwaka 2007 wanachama walipiga kura, wakaamua kila mmoja ashike mshahara wake na kulipa kodi kwa kadiri ya kipato, ili wasiojiweza wasaidiwe.